Mke Wangu, Baba Yangu na Sanduku la Kisiba

Niseme mapema ili tusisumbuane: nina wivu. Si ule wa mwanamume anayepekua simu ya mkewe akienda kuoga. Simu ya mke wangu huwa mezani wazi, na ndani yake hamna kitu zaidi ya kwaya na bei za maziwa. Wivu wangu unawahusu mke wangu na baba yangu mzazi, watu wawili ambao hawajawahi kukaa chumba kimoja, na ulizaliwa kwenye sanduku la chuma lisilozidi ukubwa wa Biblia ya kanisani.

Mimi na mke wangu tunafanya kazi katika kampuni moja ndogo ya intaneti hapa Tukuyu. Tunapeleka mtandao kwenye shule, nyumba za wageni, viwanda vya chai na vyama vya wakulima wa parachichi. Kwenye kila mnara wetu kuna sanduku la kupimia. Lenyewe halipitishi mtandao wa mteja, linatazama tu kinachopita, kama mlinzi wa getini anayehesabu magari. Ndilo linalotuambia nani anapakua sinema saa za kazi, mnara upi umeelemewa, na kompyuta ya nani imeingiwa na kirusi kinachomwaga takataka mtandaoni. Likinyamaza, mteja hana habari, anaendelea na mambo yake. Ila sisi ofisini tunabaki vipofu.

Mnara wa Kisiba uko shambani kwa baba. Ni mimi niliyemshawishi atoe kipande kile cha juu, penye migomba mizee, ambapo ukisimama unaona mabonde pande zote. Umeme kule uliishia nyumbani kwake, kwa hiyo vifaa tukaviweka barazani, kwenye kabati lenye mlango wa kioo lililopigiliwa ukutani, hatua chache kutoka kigoda chake. Nilijua kwa hilo angeniona mtu. Mzee wangu si wa sifa. Nilipofaulu darasa la saba aliniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Nilipomletea cheti cha chuo alikigeuza akatazama nyuma, akakuta hakuna kitu, akanirudishia. Siku tuliyouwasha mnara niliteremka jasho likinitiririka, mtandao umefika mpaka shule ya bondeni, na watu wanapiga makofi. Baba akaniuliza ni nani aliyekanyaga maharage yake.

Nimezoea. Mtu akiwa hivyo kwa watu wote, unasema ndiyo tabia yake, unaendelea kula. Taabu ilianza nilipogundua kwamba sifa anazo, ila amezitunza kwa ajili ya mtu mwingine.

Hapo lazima niseme kidogo kuhusu mila. Kwetu Unyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mwanao, hakutani na baba mkwe. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka mzee apite. Hamtazami usoni, hali naye, hatamki jina lake. Siku hizi wengi wameilegeza, na mchungaji alishasema madhabahuni kwamba mkwe ni baba kama baba mwingine. Baba yangu alimsikiliza kwa heshima zote, na tulipotoka nje akasema, "Mchungaji ana mkwe wake, na mimi nina wangu." Mke wangu naye amelelewa Kiwira katika nyumba ya namna hiyohiyo. Ibadani wakikutana kwa bahati mbaya, yeye hutoka kwa mlango wa kina mama na mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi.

Sasa fikiria mfanyakazi ambaye mnara mmoja kati ya minara yetu umesimama kwenye uwanja wa mkwewe. Zamu yake ya kwenda Kisiba ikifika, hawezi kwenda. Bosi wetu si mtu wa huku. Alipoelezwa alicheka, kisha akaona hatucheki. Akasema basi mke wangu atafute namna ya kulihudumia lile sanduku akiwa mjini, la sivyo zamu zake zote za Kisiba zitakuwa zangu. Na kwa miezi kadhaa zikawa zangu.

Ndipo mke wangu akaanza kujifunza komandi. Nieleze: masanduku haya unaweza kuyaendesha kwa njia mbili. Kuna ukurasa wenye picha, vitufe na rangi, unaobonyeza tu, na huo ndio mimi niliojifunza chuoni na ndio ninaoupenda. Halafu kuna skrini nyeusi, haina picha wala kitufe. Unaandika amri kwa herufi, unabonyeza, sanduku linajibu kwa herufi. Ule ukurasa wa picha ni mzito, na njia ya kuliendea sanduku la Kisiba ni nyembamba, ukiufungua unakaa unautazama unavyozunguka mpaka usingizi ukupate. Maandishi yanapita hata kwenye tundu la sindano.

Nilimcheka. Nilimwambia hayo ni mambo ya wazee wa kompyuta. Akawa anakaa mezani baada ya vyombo, laptop iko wazi, anaandika, anakosea, anafuta, anaandika. Baadaye hakukosea sana. Analiuliza sanduku porti zipi, yaani milango ya nyaya, ziko macho, linamjibu. Analiuliza ni nani anayekula mtandao wa shule, linamtajia. Analipangia saa, analibadilishia programu, analizima na kuliwasha, na yeye yuko nyumbani kwetu Makandana, kavaa kanga, maharage jikoni. Mimi wakati huo natafuta koti la mvua.

Siku moja nilikwenda Kisiba kuchukua ndizi. Baba alikuwa barazani. Sijamaliza kusalimia, akanionyesha kabati kwa kidevu.

"Mkamwana jana alifanya kazi hapa," akasema. "Mataa yalizima yote, yakarudi moja moja. Hakuja, hakumtuma mtu. Ana akili fijo."

Fijo kwa Kinyakyusa ni sana. Sikuwahi kumsikia baba yangu akiliweka neno hilo karibu na kitu chochote zaidi ya mvua. Nikasimama pale na mkungu wangu begani, mkono wangu bado una kovu nililopata siku ya kufunga nyaya za mnara uleule.

"Mimi ndiye niliyelifunga hilo sanduku, tata," nikasema.

"Najua," akasema. "Lilikuwa limekaa upande. Nililinyoosha."

Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo nikangoja mke wangu alitie maji. Nilingoja akosee amri moja tu, moja kubwa, ambayo ingenifanya nipande pikipiki nikamwokoe mbele ya macho ya mzee. Hakukosea. Kila nilipokwenda kwa baba nilikuta habari za mkamwana zimenitangulia. Alikuwa amejua, kwa kutazama mataa tu, siku ambazo mke wangu alikuwa kazini na siku alizopumzika. Kuna Jumatatu aliniuliza kama homa ya mkamwana imepoa. Homa yenyewe mimi niliijua jana yake usiku.

Juu ya hayo kukawa na lile tatizo la asubuhi. Kwenye michoro yetu ofisini, sanduku la Kisiba lilikuwa linapotea kidogo kila kunapokucha, kama jino lililong'oka, kisha linarudi. Wateja hawakuathirika, lakini bosi hapendi mapengo. Akanituma. Nikabadilisha plagi. Nikabadilisha betri ya akiba. Nikafuata waya wa umeme kutoka mita mpaka kabatini, ukungu umeshuka mpaka sioni viatu vyangu. Baba alikaa akanitazama siku zote hizo.

"Umepata?" aliniuliza.

"Bado."

"Haya, tafuta."

Mke wangu nyumbani nilimuuliza yeye anaonaje. Akasema labda ni umeme. Alisema huku anakuna nazi na hakuinua kichwa.

Basi ikafika Jumamosi moja, yeye yuko kwenye mkutano wa kina mama kanisani, bosi akapiga simu. Kuna porti moja kwenye sanduku la Kisiba ilitakiwa ifungwe, haina kazi. "Mwambie mkeo akirudi," akasema bosi. Ni hayo maneno mawili ya mwisho yaliyoniponza. Akirudi! Mimi nimekaa hapa na mikono miwili. Nikafungua laptop yake, nikaingia kwenye skrini nyeusi, nikaandika amri ya kufunga porti kama nilivyomwona akiandika, nikabonyeza kwa nguvu.

Skrini ikaganda. Nilibonyeza tena na tena. Sanduku halikujibu, halikukataa, halikusema neno. Ndipo nikaelewa kwamba nimekosea namba, na porti niliyoifunga ndiyo ileile niliyokuwa nimepitia kuingia. Ndiyo kupanda mti ukakata tawi ulilolikalia. Na ubaya wa kosa hilo, huwezi kulitengua ukiwa mbali, maana njia ya kurudia ndiyo uliyoiziba. Lazima mtu aende kwa miguu yake, achomeke waya kwenye sanduku lenyewe. Nikachukua koti la mvua.

Pikipiki ya boda iliteleza mara kadhaa, tukafika Kisiba nimelowa hadi kwenye soksi. Nikachomeka waya, nikaifungua porti, kazi ya dakika chache. Baba hakuuliza kitu. Mvua ikakataa kuacha, dereva wa boda akakimbilia mjini kabla barabara haijaharibika zaidi, mimi nikalala kwa baba.

Asubuhi niliamshwa na baridi. Nikatoka mlangoni, nikamwona mzee ameshaamka, amevaa koti lake la ibada na kofia, na mbele ya kigoda chake kuna kikombe cha chai ya maziwa kinachotoa moshi. Hakuniona. Akasimama, akaenda kwenye ukuta, akazima swichi ya lile sanduku la kupimia. Mataa yote yakafa. Akahesabu kitu mdomoni, akaiwasha. Kisha akarudi akakaa, akavua kofia, akaiweka gotini, akatazama kioo.

Mataa ya kijani yakarudi moja moja. Halafu, mbele ya macho yangu, taa ndogo ya buluu iliyo pembeni ya sanduku ikaanza kukonyeza. Taa ile naijua. Imewekwa ili fundi akiwa na masanduku mengi aweze kujua ni lipi analoliamuru. Unaandika amri, inakonyeza, unasema ni hili. Haiwaki yenyewe. Mtu lazima aiwashe. Na mtu huyo wakati huo alikuwa Makandana, kwenye meza yangu ya kulia, na bila shaka na mtandio kichwani.

Baba akainamisha kichwa mbele ya ile taa, kama mtu aliyeitikia salamu, akachukua kikombe chake.

Nadhani nilikohoa. Aligeuka akaniona, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona baba yangu amefumaniwa.

"Hatuonani," akasema haraka. "Hatuzungumzi. Mwiko uko palepale."

"Kila siku, tata?"

"Mtu anaamkia mara moja kwa mwezi?"

Nikafikiria plagi nilizobadilisha. Nikafikiria ukungu. "Na mimi nilipokuwa naitafuta hitilafu, ukakaa ukaniangalia."

"Hukuniuliza mimi," akasema baba. "Ulikuwa unauliza waya."

Nilirudi Tukuyu nimejaa kama gunia la viazi. Mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia nikiwa bado mlangoni, na yeye akajua mara moja ninasema nini. Hakukana. Aliweka kisu chini. Akanieleza kwamba ilianza siku ya radi, mzee alizima swichi kwa hofu, alipoiwasha yeye akawa anakagua kama sanduku limeungua, akaiamuru ile taa ikonyeze kupima tu. Kesho yake dada yangu akampigia simu. Alikuwa na ujumbe: baba amesema mwambieni mkamwana nimemwona. Asubuhi iliyofuata swichi ikazimwa tena, na safari hii hakukuwa na radi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambiaje? Acha?"

Kweli ningesema acha.

"Baba wa watu ananiita mkamwana miaka yote hii na sijawahi kumwambia umeamkaje," akasema. "Wewe una mdomo. Unafika, unamwamkia, anakujibu kwa sauti yake. Mimi nina taa. Sasa na hiyo taa unaionea wivu?"

Ndiyo, nikasema. Naionea. Nilisema hivyohivyo, nimesimama na soksi zilizolowa, na sikuona haya. Nilimwambia nina wivu na taa, na kigoda, na kofia iliyovuliwa. Baba hajawahi kunivulia kofia. Hata siku ya harusi yangu aliivua wakati wa sala tu, akairudisha. Mke wangu alinitazama sana, kisha akachukua kisu chake akaendelea na ndizi. Kwa kweli ndizi zilikuwa tamu na hilo nalo liliniudhi.

Kwa bosi hatukusema. Mke wangu aliandika kwenye taarifa kwamba lile pengo la asubuhi ni ukaguzi wa kawaida, na bosi akafurahi kwamba kuna watu wanakagua mapema hivyo. Akampongeza. Nilikuwepo.

Miezi haikupita mingi akamchagua kwenda Mbeya kwenye mafunzo, wiki nzima, mambo ya kupima mwendo wa mtandao kwenye minara mikubwa zaidi. Nilitegemea jina langu, nikasoma la mke wangu. Nilimfungia begi mwenyewe, ili isiwe naonekana nimenuna, na zipu ikaharibika mkononi mwangu. Stendi, basi limeshawashwa, akanishika mkono.

"Asubuhi usimsahau baba," akasema. "Amri nimekuandikia kwenye laptop. Ya kuwasha na ya kuzima. Akirudisha swichi, utaona sanduku limeamka. Hapo unamwamkia."

"Nimwamkie kama wewe?"

"Mwamkie tu."

Usingizi wa usiku ule ulikuwa wa mang'amung'amu. Kulipopambazuka nilikuwa mezani, skrini nyeusi mbele yangu, sijanawa uso. Nilikuwa na hila, sifichi. Nilitaka mzee aamkiwe asijue tofauti. Amwinamie mkamwana, avue kofia, anywe chai yake ameridhika, na mwisho wa wiki nimwambie: tata, siku zote hizo ulikuwa unanivulia kofia mimi. Nilikuwa nimeshaipanga hata sauti nitakayoisemea.

Sanduku likapotea. Likarudi. Niliandika amri, nikakosea herufi, nikafuta, nikaandika tena, nikabonyeza. Safari hii sanduku likanijibu: taa inakonyeza. Nikaiona akilini, ndogo, ya buluu, nyuma ya kioo chenye ukungu, na mzee mbele yake. Nikaandika amri ya kuzima. Imezimika. Nikaegemea kiti nikacheka peke yangu.

Simu ikaita hapohapo. Baba.

"Mke wako amesafiri," akasema. Hakuwa anauliza.

"Yuko Mbeya kikazi. Umejuaje?"

"Nimejua ni wewe."

Nikauliza amejuaje kuwa ni mimi na si mtu mwingine wa ofisini, na nadhani sauti yangu ilikuwa ya mtoto.

"Mkamwana akiniamkia, anakaa," akasema baba. "Taa inakaa mpaka nimalize kikombe changu ndipo anaaga. Tunakunywa chai. Wewe umeamkia, hujaitikiwa, umeshaondoka. Ndivyo ulivyo tangu mdogo. Unafika hapa kwangu, 'ugonile tata', uko juu ya mnara. Nikifungua mdomo kukujibu naona soli za viatu."

Nilimsikia akivuta kigoda.

"Rudia," akasema. "Nimekaa."

Nikaiandika tena ile amri, polepole, nikaibonyeza. Sikuigusa ya kuzima. Nilikwenda jikoni na simu sikioni, nikajimiminia chai iliyolala kwenye chupa, nikarudi nikakaa mbele ya skrini. Yeye hakuongea, na mimi sikuongea. Nilimsikia akipuliza chai yake, akinywa, akiweka kikombe chini, akikichukua tena. Jogoo aliwika upande wake. Chai yangu ilikuwa ya baridi na niliinywa yote.

"Ndaga, mwanangu," akasema baba mwishowe, ndiyo asante yetu. Kisha akafikiri kidogo. "Salamu yako inakaribia ya mkamwana."